Kupanga mazoezi ya baiskeli: nini kibaki palepale, nini kibadilike

Wapo waendesha baiskeli wanaotoka kila siku saa ileile, wakapita njia ileile kwa kasi ileile, na baada ya miezi sita wakashangaa kwamba mlima uliokuwa ukiwatoa pumzi bado unawatoa pumzi. Wapo pia wanaoanza mpango mpya kila wiki, leo vipindi vya kasi, kesho milima, wiki ijayo zoezi walilolisikia kwa mwenzao, na mwishowe hawawezi kusema ni lipi lililowasaidia, kwa sababu hakuna hata moja lililokaa muda wa kutosha kufanya kazi. Makundi haya mawili huonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja: hawajaamua ni mambo gani yakae imara na ni yapi yabadilike. Mwili hujenga nguvu kwa kuuzoea mzigo, na ukishauzoea huacha kujenga. Kwa hiyo zoezi lazima lirudiwe mpaka mwili ulizoee, kisha libadilishwe mwili unapokwisha kulizoea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye saa nne hadi nane za mazoezi kwa wiki, ambaye tayari anaweza kuendesha saa moja bila shida. Aliye na maradhi ya moyo, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi makali yanayoelezwa hapa.

Hatua ya kwanza: funga siku na saa kabla ya kuchagua zoezi

Watu wengi huanza kwa kuuliza wafanye zoezi gani. Swali la kwanza linapaswa kuwa ni siku zipi, na saa ngapi, ambazo unaweza kuzilinda hata wiki yenye kazi nyingi. Ziandike. Zikiwa nne, ziwe nne za kweli. Ratiba ya siku nne inayotimizwa ina faida kubwa kuliko ya siku sita inayovunjika kila wiki ya pili. Andaa nguo, chupa ya maji na pumzi ya tairi usiku uliotangulia, ili asubuhi usiwe na jambo la kuamua isipokuwa kupanda baiskeli.

Usitarajie mazoea yaje haraka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake katika University College London, uliofuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya ya kila siku, uligundua kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka tendo lake lije lenyewe bila kujisukuma, huku wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Jambo la kutia moyo zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wengi wakiacha mpango mzima kwa kuwa walikosa Jumanne moja.

Jiwekee pia kiwango cha chini kabisa: dakika 20 za mwendo mwepesi. Siku ambayo muda umebanwa au moyo ni mzito, timiza hizo dakika 20 na siku ihesabike. Lengo la dakika hizo ni kuilinda nafasi ya siku katika wiki yako, hata kama haziongezi nguvu.

Hatua ya pili: chagua kipimo kimoja kisichobadilika

Huwezi kubadilisha mazoezi kwa busara kama huna mahali pamoja pa kujipimia. Tafuta kipande cha barabara kisicho na makutano wala magari mengi, kinachokuchukua dakika 15 hadi 20 kwa bidii kubwa lakini ya mwendo sawa. Mlima wa wastani unafaa kuliko tambarare, kwa sababu upepo huvuruga sana matokeo ya tambarare. Kiendeshe kila baada ya wiki sita, baada ya siku moja au mbili nyepesi, saa ileile, kwa baiskeli ileile na tairi zenye pumzi ileile, kisha andika muda uliotumia, mapigo ya moyo kama una kifaa cha kuyapima, na ugumu uliouhisi.

Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 10, kinachotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg. Sifuri ni kupumzika, 3 ni mwendo ambao unaweza kusimulia kisa kirefu, 5 ni ule unaokuruhusu sentensi moja moja, 7 unaruhusu maneno machache, na 10 ni mwisho wa nguvu zako. Wengine hukidharau kwa kuwa hakina betri, ilhali hakihitaji chochote isipokuwa ukweli wa anayekitumia, na ndicho tutakachokitumia kukokotoa mzigo wa wiki. Mwenye kifaa cha kupima wati anaweza kuendesha dakika 20 kwa nguvu zake zote, akachukua asilimia 95 ya wastani wa wati alizopata kuwa makadirio ya nguvu anayoweza kuidumisha kwa takriban saa moja.

Hatua ya tatu: ipe kila siku kazi yake

Siku zako sasa zigawe katika aina tatu: nyepesi, ngumu na ndefu. Siku nyepesi ni ya ugumu wa 2 hadi 3. Siku ngumu ina vipindi vya bidii ya 7 au 8 vinavyotenganishwa na mapumziko. Siku ndefu huanzia saa mbili na kuendelea kwa ugumu wa 3 hadi 4. Mwenye siku nne awe na ngumu moja, ndefu moja na nyepesi mbili. Mwenye siku tano anaweza kuongeza ngumu ya pili, mradi siku mbili ngumu zisifuatane.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi yake kubwa nchini Norway, alipochunguza jinsi wanamichezo bora wa ustahimilivu wanavyofanya mazoezi, wakiwamo waendesha baiskeli na wapiga makasia, alikuta kwamba takriban vipindi vinane kati ya kumi vilikuwa vyepesi na viwili tu vilikuwa vigumu. Kwa mtu wa siku nne au tano uwiano huo haukai sawasawa, lakini fundisho lake linabaki: siku nyepesi iwe nyepesi kwelikweli, na siku ngumu iwe ngumu kwelikweli. Ugonjwa wa wengi wetu ni kuendesha kila siku kwa ugumu wa 5, mwendo unaochosha kiasi cha kuziharibu siku ngumu zinazofuata lakini usiotosha kuusukuma mwili mahali papya. Anayekupita barabarani siku yako nyepesi mwache aende zake.

Hatua ya nne: kokotoa jinsi siku zako zinavyofanana

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Carl Foster, mtafiti wa Marekani, mwaka 1998 alieleza njia rahisi ya kupima mazoezi ambayo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifuata. Kila unapomaliza zoezi, subiri dakika kama 30, kisha ulipe zoezi zima alama moja ya ugumu kati ya 0 na 10, na uizidishe kwa idadi ya dakika ulizoendesha. Jibu ndilo mzigo wa siku hiyo. Siku ya kupumzika ina mzigo wa 0.

Chukua mtu anayeendesha dakika 60 kila siku ya wiki, siku tano kwa ugumu wa 4 na siku mbili kwa ugumu wa 5. Mizigo yake ni 240 mara tano na 300 mara mbili, jumla 1,800. Sasa mchukue mwenzake anayepumzika Jumatatu na Ijumaa. Jumanne anafanya dakika 60 za ugumu wa 7, yaani 420. Jumatano dakika 60 za ugumu wa 2, yaani 120. Alhamisi dakika 60 za ugumu wa 6, yaani 360. Jumamosi saa tatu za ugumu wa 4, yaani 720. Na Jumapili dakika 60 za ugumu wa 3, yaani 180. Jumla yake pia ni 1,800, na saa zake, kama za mwenzake, ni saba. Ukitazama jumla peke yake utasema wamefanya kazi sawa.

Foster hakuishia kwenye jumla. Aligawanya wastani wa mzigo wa siku kwa kiwango ambacho mizigo ya siku hutawanyika kutoka kwenye wastani huo. Programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta au simu huukokotoa mtawanyiko huo (kwa Kiingereza huitwa standard deviation) mara moja. Kwa hawa wawili wastani ni ule ule, takriban 257 kwa siku. Lakini mizigo ya wa kwanza hutawanyika kwa takriban 27 tu, hivyo jibu lake linakaribia 9 na nusu, ilhali ya wa pili hutawanyika kwa takriban 241, na jibu lake ni kama 1. Thamani inayozidi 2 huchukuliwa kuwa ishara ya kuangaliwa, hasa jumla ya mzigo inapokuwa kubwa, kwa sababu wiki za namna hiyo zimehusishwa na uchovu na maradhi madogomadogo kama mafua. Mtu wa kwanza hana siku hata moja ya kumpumzisha, wala hana siku hata moja ya kumsukuma.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mabadiliko katika mazoezi ni pambo la kuondoa uchovu wa moyo tu. Tofauti kati ya siku na siku ndiyo inayoupa mwili nafasi ya kujijenga, na mtu anaweza kuipata bila kuongeza hata dakika moja. Fanya hesabu hii kila Jumapili jioni kwa wiki nne za mwanzo. Baadaye jicho lako litaizoea na utaijua wiki yenye kasoro kwa kuitazama tu.

Hatua ya tano: badilisha kilichomo ndani ya siku, jambo moja kwa wakati mmoja

Siku ngumu ina vitu vichache unavyoweza kuvigusa: urefu wa kila kipindi cha bidii, idadi ya vipindi, urefu wa mapumziko kati yao, mwinuko wa barabara, na wepesi wa kuzungusha pedali. Ukivibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilichofanya kazi. Badilisha kimoja, viache vingine.

Mfano wa wiki nne ni huu. Wiki ya kwanza, baada ya kupasha mwili kwa dakika 15, fanya vipindi vinne vya dakika nne kwa ugumu wa 8, ukipumzika dakika tatu za mwendo mwepesi baada ya kila kimoja. Wiki ya pili, vipindi viwe vitano, mengine yote yabaki vilevile. Wiki ya tatu, rudi kwenye vinne, lakini kila kimoja kiwe cha dakika tano. Wiki ya nne ni ya kupumzisha mwili: punguza saa za wiki nzima hadi karibu nusu, na ufanye vipindi viwili tu, ili miguu isisahau kasi. Kipindi kijacho cha wiki nne ndipo unapohamia kwenye zoezi la aina nyingine, kwa mfano vipindi vinne vya dakika nane kwa ugumu wa 7 mlimani, au mbio fupi za sekunde 30 zenye mapumziko marefu. Wiki tatu za zoezi moja kabla ya kulipumzisha si nyingi. Anayelibadilisha kila wiki hulazimika kujifunza upya mara kwa mara jinsi ya kugawa nguvu zake, na sehemu kubwa ya maendeleo anayoyaona wiki ya pili hutokana na kujifunza huko.

Siku ndefu ibadilishe kwa njia na mandhari, maana huko ndiko akili inakohitaji upya zaidi. Geuza njia yako uianzie mwisho, uone jinsi mteremko uliouzoea unavyokuwa mlima. Pita barabara ya vumbi mara moja kwa mwezi kama tairi zako zinaruhusu; inafundisha kutulia na kuisoma ardhi kwa namna ambayo lami haifundishi. Nenda na wenzako safari moja kati ya tatu, lakini usiifanye kila safari iwe ya kundi, kwa sababu kundi lina tabia ya kuugeuza mwendo mwepesi kuwa mashindano.

Siku nyepesi haihitaji mabadiliko mengi. Itumie kwa ufundi: zungusha pedali mara 100 au zaidi kwa dakika kwa gia nyepesi bila kurukaruka kwenye kiti, jizoeze kukata kona, kunywa maji ukiwa mwendoni, na kuendesha kwa mkono mmoja mahali salama.

Tahadhari moja kuhusu mazoezi ya gia nzito, ambapo pedali huzungushwa mara 50 hadi 60 tu kwa dakika: hubebesha magoti mzigo mkubwa. Anza na dakika tano kwa wiki, na uache mara moja goti likiuma.

Hatua ya sita: usiguse mkao

Mtu anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika huukunja na kuunyoosha kila mguu mara 5,400 kwa saa moja. Kosa dogo la urefu wa kiti linalorudiwa mara hizo zote huwa jeraha. Kwa hiyo ukishapata mkao usiouma, pima urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli ya pedali, umbali wa kiti hadi usukani, na mahali pa vibanio vya viatu vinavyoshika pedali, uviandike, na usivibadilishe kwa ajili ya kujaribu tu. Ukilazimika kubadilisha, sogeza milimita chache, kisha endesha kwa wiki nzima ya mazoezi mepesi kabla ya kurudi kwenye makali.

Hatua ya saba: weka kazi moja nje ya baiskeli

Baiskeli hubeba uzito wa mwili wako, na ndiyo sababu inafaa kwa wenye magoti na viungo vilivyochoka. Lakini kwa sababu hiyohiyo haiitikisi mifupa kiasi cha kuiimarisha, na waendesha baiskeli wa barabarani wanaotegemea mchezo huu peke yake wamekutwa mara nyingi na mifupa yenye uzito mdogo, hasa uti wa mgongo. Ongeza vipindi viwili vya dakika 20 hadi 30 kwa wiki: kuchuchumaa ukiwa na uzito, kuinua uzito kutoka sakafuni kwa mgongo ulionyooka, kupanda ngazi au boksi kwa mguu mmoja mmoja, na kukaza tumbo. Vifanye siku ile ile ya zoezi gumu, jioni, ili siku nyepesi zibaki nyepesi.

Hatua ya nane: wiki ikivurugika, kata muda, uache ukali

Wiki mbaya zitakuja, na wengi wetu huzishughulikia kinyume. Tukikosa muda, tunaliacha zoezi gumu na kubakiza mwendo mwepesi, tukidhani ndio usalama. Majaribio ya Robert Hickson na wenzake katika miaka ya 1980 yalionyesha vingine. Watu waliokuwa wamefanya mazoezi makali ya dakika 40, siku sita kwa wiki kwa muda wa wiki kumi, walipunguziwa siku hadi nne au hata mbili, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukadumu kwa wiki 15 zilizofuata, kwa sharti kwamba ukali wa kila zoezi haukupungua. Ukali ulipopunguzwa, uwezo huo ulishuka. Basi wiki iliyobanwa iwe na zoezi gumu moja lililofupishwa na siku nyingine zozote za dakika 20. Kinachopotea kwanza katika mpango huo ni uwezo wa kwenda safari ndefu sana, na huo utaujenga tena.

Ugonjwa ni jambo tofauti. Ukiwa na homa au kifua kinachouma usiendeshe kabisa. Ukirudi, anza na siku nyepesi nyingi kama zile ulizokosa, lakini zisizidi saba. Aliyekaa wiki mbili au tatu bila baiskeli atakuta pumzi imepungua, sehemu kubwa kwa kuwa kiasi cha damu mwilini hushuka mapema. Hali hiyo pia hurudi mapema, na hakuna haja ya kuifukuzia kwa siku tatu ngumu mfululizo.

Hatua ya tisa: tofautisha kuchoka na kuchoshwa

Kutotaka kupanda baiskeli kuna sababu mbili, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Aliyechoka mwili anahitaji kupumzika; aliyechoshwa na njia na zoezi lile lile anahitaji upya. Njia ninayoiamini ya kuzitofautisha ni kuendesha dakika 15 za mwendo mwepesi kabla ya kuamua. Ikiwa baada ya hapo miguu imeamka na unaona raha, ulikuwa umechoshwa: endelea, lakini leo badilisha njia. Ikiwa miguu bado ni mizito, mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida kwa mwendo huo au yanakataa kupanda ukijaribu kusukuma, na usiku uliopita hukulala vizuri, umechoka: rudi nyumbani. Hali hiyo ikiendelea kwa siku tatu, ilete mbele wiki yako ya mapumziko.

Baada ya wiki sita rudi kwenye kipande chako cha kipimo. Muda ukipungua kwa ugumu ule ule, shika mpango kama ulivyo na ubadilishe zoezi gumu tu. Muda ukibaki palepale, tazama kwanza idadi ya siku ulizotimiza: kama umekosa zaidi ya moja kati ya tano, tatizo liko kwenye ratiba, na zoezi halijapata nafasi ya kupimwa, punguza siku au zihamishe saa. Kama siku zimetimia, tazama hesabu ya kufanana kwa siku. Ikizidi 2, fanya siku nyepesi ziwe nyepesi zaidi kabla ya kugusa kitu kingine. Na kama hayo yote yako sawa, ndipo uongeze dakika 30 kwenye siku ndefu, au kipindi kimoja kwenye siku ngumu, kisha usubiri wiki sita nyingine.